Mshauri Aliyegeuza Mgongo

Martini alikuwa fundi wa boti, na kama mafundi wengi wa Kasingirima, mtaa wa Ujiji kando ya ziwa, alijiona anajua kila kinachovuja duniani na namna ya kukiziba. Boti ikiingiza maji unatafuta ufa, unaushindilia pamba, unapaka lami, kazi imekwisha. Kwa hiyo mama mkwe wake alipokuja kukaa nao, mwaka ule wa 2017, akakataa kumpakata mjukuu wake, Martini aliutafuta huo ufa wiki nzima asiuone.

Mjukuu mwenyewe alikuwa na siku kumi na mbili na jina zito kuliko mwili wake, Telesphory. Nyumbani walimwita Tele, wakaliweka hilo jina kubwa akiba mpaka atakapopata mabega ya kulibebea.

Bibi yake aliitwa Rahabu. Alivuka kutoka Burundi miaka miwili kabla, pamoja na maelfu ya wenzake, akapelekwa kambini. Binti yake Devota yeye alikuwa ameshaolewa Ujiji zamani, tangu enzi za kuvusha mawese kutoka ng'ambo. Alipokaribia kujifungua alizunguka ofisi hadi ofisi, tumbo likimtangulia, mpaka mama yake akapewa kibali cha miezi mitatu cha kutoka kambini aje kumlea mzazi. Rahabu alikuja na kimfuko kimoja na sufuria. Alipika uji, alifua nepi, alimkanda binti yake kwa maji ya moto bila kulalamika wala kuchoka. Ila mtoto hakumgusa. Siku ya kwanza Devota alipomnyooshea, bibi alirudisha mikono yake nyuma akaifumbata mgongoni, akasema ana dagaa jikoni.

Dagaa wale walipikwa miezi miwili. Kila mara mtoto aliponyooshwa, jikoni palikuwa na kitu kinaungua.

Maneno hayakukawia. Elida, dada yake Martini, mwanamke asiyejua kumeza jambo likiwa bado la moto, alisema bibi asiyempakata mjukuu ana sababu yake, na sababu za namna hiyo hazisemwi mchana. Devota alimfukuza wifi yake kwa mwiko. Lakini maneno yalikuwa yameshaingia ndani, na siku moja, akiwa ananyonyesha huku analia, alimwambia mumewe kitu ambacho Martini alitamani asingekisikia.

"Kibali kikiisha arudi kambini. Akirudi bila kumpakata mwanangu, na ahesabu hana mtoto huku. Sitamfuata tena."

Devota hakuwa mtu wa kutishia. Akisema kitu, kimesemwa. Martini alihesabu siku. Zilibaki ishirini na tisa.

Aliyewaonyesha njia alikuwa muuguzi wa kliniki. Tele alipopelekwa kuchomwa sindano, mama yake ndiye aliyelia zaidi, na muuguzi akamweka pembeni akampa namba. Alimweleza kwamba kuna washauri nasaha wanaozungumza na watu kwa mtandao, kwa simu ya picha, bila malipo. Wanasaidia wenye msongo, wenye hofu isiyoisha, walioona mabaya, na familia zisizoelewana.

"Sisi tuna vyote hivyo," Devota alisema.

Simu janja nyumbani ilikuwa moja, ya Martini, na ilikuwa na tabia zake. Spika ya sikioni ilikuwa imekufa, ikabaki ile ya nje inayopiga kelele kwa mtaa mzima. Mara kwa mara iligoma katikati ya mazungumzo mpaka mwenyewe aipige kibao ubavuni, na kibao hicho hakuna aliyekijua isipokuwa yeye. Kwa hiyo ilibidi Martini awe karibu. Na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu Martini na mama mkwe wake walikuwa hawajawahi kutazamana.

Ndivyo walivyolelewa wote wawili, yeye kwa Waha wa Simbo, mama kwao ng'ambo. Mkwe wa kiume hamtazami usoni mama wa mkewe. Hapeani naye kitu mkono kwa mkono, hakai naye mkeka mmoja. Anayeona ni ukali hajaelewa, maana heshima ile ilikuwa na joto lake. Katikati ya uwanja wao palikuwa na ukuta wa matete. Upande huu Martini alichonga mbao zake, upande ule Rahabu alichambua maharage, na wakaongea kutwa. Mama alimwambia chumvi imeisha, Martini akaiacha chumvi kizingitini, akageuka, akakohoa, ndipo mama akaja kuichukua. Miezi miwili katika uwanja mmoja, na kama ungemuuliza Martini sura ya mama mkwe wake, angekueleza sauti.

Alhamisi ya kwanza, saa nne asubuhi, Devota alipiga namba, akaegemeza simu kwenye kigoda mbele ya mama yake, akambeba mtoto akaenda kwa jirani, kama alivyoelekezwa. Kwenye kioo alitokea mwanamke wa miaka kama thelathini na tano. Alijitambulisha kwamba anaitwa Wema, yuko Dodoma, ila ni mzaliwa wa Kasulu.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa Kiha.

Rahabu aliitikia kwa Kirundi, na wakaelewana, kwani lugha hizo ni ndugu wa tumbo moja.

"Mama, uko peke yako hapo? Kuna mtu anayetusikia?"

"Niko peke yangu," Rahabu alijibu.

Martini, hatua tatu nyuma ya matete, na patasi mkononi, hakushangaa hata kidogo. Mkwe aliye nyuma ya ukuta hayupo. Yeye mwenyewe angejibu hivyo hivyo.

Wema akamwambia azungumze chochote kinachomsumbua, aanzie popote. Rahabu akajiweka sawa, akasafisha koo. Akataja jina lake na la baba yake. Akataja mwaka wa kuzaliwa, komini na kilima alikotoka, kama kwao wanavyoita wilaya na kijiji. Akasema ni mjane, amevuka mwezi wa tano 2015, amevuka peke yake, hana ugonjwa wa kudumu, hakupoteza mtu njiani. Akanyamaza. Wema akasubiri. Mama akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno.

Alhamisi ya pili ikawa vilevile. Jina, baba, komini, kilima, mjane, peke yangu, sikupoteza mtu. Martini alikereka, akaupigilia msumari ubao usio na kosa. Alimlaumu yule mwanamke wa Dodoma kwa kukaa kimya na mshahara wake. Yeye angekuwa mshauri angeshasema, mama, mpakate mtoto, yaishe.

Alhamisi ya tatu zilikuwa zimebaki siku tisa. Devota alikuwa ameshakifua na kukikunja kitenge cha mama yake cha safari. Rahabu alikalia kigoda chake, akasafisha koo, akaanza. Alipofika kwenye "sikupoteza mtu njiani", Wema akamkatiza kwa upole.

"Mama, mbona unanijibu maswali ambayo sijakuuliza?"

Rahabu alikivuta kitenge chake magotini.

"Ndiyo mnayouliza," Rahabu akasema mwisho.

"Nani?"

"Nyinyi. Wenye kuandika."

Ikatoka kidogokidogo. Tangu ashuke melini alikuwa amehojiwa na watu wengi wenye karatasi, mmoja baada ya mwingine, na wote waliuliza yaleyale. Wakimbizi wenzake walimfundisha mapema kwamba maelezo yako yakibadilika hata neno moja, faili lako linawekwa pembeni, na faili likiwekwa pembeni hakuna mgawo wala kibali. Kama ni kweli au ni maneno ya foleni, hakuna aliyejua. Lakini Rahabu alishika maelezo yake kama mtu anavyoshika sala, na aliposikia kuna mtu mwingine wa mbali anataka kuzungumza naye, alijua tu wamekuja kuhakiki. Angeongeza neno, wangekata kibali, angeondolewa kwa binti yake kabla ya siku. Muda wote huo alikuwa anamlinda Devota.

Martini alisimama na patasi yake. Aliona aibu kwa ule msumari.

Lami ilikuwa inachemka kwenye kopo pembeni yake, na moshi ukambadilikia. Akakohoa.

"Nani huyo?" Wema akauliza haraka.

"Hakuna mtu," Rahabu akasema. "Ni mkwe wangu."

Mtu mwingine angecheka. Wema hakucheka. Alisema kazi yake ni ya siri, kwamba hakuna anayepaswa kusikia mama asipotaka. Akaomba aelezwe. Rahabu akamweleza ukuta, chumvi, kizingiti na kikohozi.

"Na huwa mnaongea?"

"Kutwa."

"Ni rahisi kuongea naye kuliko na mimi?"

Mama alifikiri. "Ukitazamwa, una kazi mbili. Unasema, na unachunga uso. Wewe unanitazama kama wale wenye karatasi. Yeye hanitazami. Kwake uso wangu unapumzika."

"Ungependa aondoke, mama?"

"Abaki. Hayupo."

Kikasikika kiti kinasogezwa, huko Dodoma. Halafu Rahabu akacheka, kicheko kifupi cha mshangao, cha kwanza Martini kukisikia tangu aje.

"Amenigeuzia mgongo," akasema.

Damu ilimpanda Martini. Msichana wa ofisini anamgeuzia mgongo mtu mzima, mjane, mkimbizi. Alikuwa ameshainuka aende akaizime simu hata kwa nyundo, pale sauti ya Wema iliposikika tena, kutoka mbali kidogo.

"Na mimi sasa niko nyuma ya ukuta, mama. Sikuoni. Siandiki, mikono yangu iko mapajani. Ukitaka, geuka na wewe. Ukitaka, usiseme kitu. Mimi nipo."

Martini akakaa chini taratibu, juu ya mbao. Alisikia kigoda cha upande wa pili kikigeuzwa. Kwa hiyo walikuwa watu watatu, mmoja Dodoma na wawili Kasingirima, na hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake. Ukimya ulikuwa mrefu mno. Kwa upande wa ziwa zilisikika injini za boti, na mtu akitangaza samaki wa migebuka. Mara mbili Martini alidhani simu imegoma, akanyoosha mkono aende kuipiga kibao, na mara mbili akasikia pumzi ya yule mwanamke, akarudisha mkono. Alikuwa hajui kwamba kuna watu wanaoweza kusubiri hivyo. Alianza kumheshimu.

Kisha Rahabu akasema, na sauti yake haikuwa ile ya maelezo.

Alisema juu ya Kagunga, ule ufuko mwembamba mpakani ambako mlima unashuka mpaka majini na hakuna pa kukanyaga. Watu walikuwa wamejaa ufuko mzima wakisubiri meli, wamelala, wamekaa, wamesimama, mpaka mchanga hauonekani. Maji ya kunywa yalikuwa ni yaleyale ya ziwa, na ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia. Pembeni yake alikaa mama kijana mwenye mtoto wa miezi mitatu, wa kiume. Hawakuwa wanajuana. Asubuhi yule mama alimwomba ampakatie mtoto, aende kwenye foleni ya maji na kuuliza habari za meli.

"Nikampakata. Alikuwa anahara, mwepesi, kama nguo iliyokauka. Nikamfunika na kitenge changu. Nikamwimbia. Jua lilipokuwa kichwani, akaacha."

Alisikika akipenga kamasi, akaendelea.

"Nilijua mara moja. Mimi nimezaa saba. Nikatazama, mama yake haonekani, na watu wa meli wanaanza kuita. Nikafikiri, wakiona maiti watamwondoa kwenye mstari, watambakiza hapa na huu ugonjwa. Atakufa na yeye. Basi nikaendelea kumpakata. Nikaendelea kumwimbia, watu wasijue. Mpaka jua likapinda. Yule mama akaja anakimbia, ana maji kwenye chupa, zamu yake imeitwa. Akanyoosha mikono. Nikampa. Nikamwambia, *arasinziriye*. Amelala."

Hapo Martini akajikuta ameshika utete wa ule ukuta.

"Akaniambia *murakoze*. Aliniangalia hivi, machoni, akanishukuru. Akamfunga mgongoni, akaingia kwenye mtumbwi wa kupeleka watu melini. Sikumwona tena. Mimi nilipanda siku nyingine. Sijui alijua saa ngapi. Sijui kama alijua katikati ya maji. Alinishukuru kwa mikono hii. Sasa Devota ananinyooshea wake. Nitamrudishiaje? Nitamwambia nini, amelala?"

Martini aliikumbuka siku ambayo Devota alimtuma bandarini, mwezi ule wa tano, akamtafute mama kati ya waliokuwa wanashuka. Kazi ya kichekesho, kumtafuta mtu ambaye hujawahi kumtazama na hutakiwi kumtazama. Alikuwa amesimama pale kutwa akitazama migongo tu, na karibu kila mgongo ulikuwa na mtoto. Aliona wamelala wote. Alikumbuka alivyojisemea, watoto wa Warundi wana amani, wanalala hata kwenye kelele hizi.

Akaogopa. Haukuwa woga wa kumkimbiza mtu. Ulikuwa woga wa kujikuta umesimama mahali pakubwa kuliko wewe, hujui uvue viatu au upige magoti. Aliishi miaka thelathini na nne kando ya ziwa hili, alilijua kwa mbao na misumari na pepo zake. Na upande wa pili wa matete, akichambua maharage na kuulizia chumvi, alikuwa amekaa mtu mwenye kina kuliko hilo ziwa, na yeye fundi alikuwa anamtafutia ufa.

"Nimekusikia, mama," Wema akasema. Sauti yake nayo ilikuwa na maji. Hakumwambia pole, wala hakumwambia hukukosea. Baada ya muda akauliza, "Ulimpakata tangu saa ngapi?"

"Jua halijatoka juu ya mlima."

"Mpaka likapinda."

"*Ego*, ndiyo."

"Hukumweka chini hata mara moja?"

"Ningemwekaje chini? Mchanga ulikuwa unaunguza."

"Basi mama, yule mtoto hakufa peke yake kwenye mchanga. Alikufa amepakatwa, anaimbiwa."

Rahabu alilia, na alilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu mzima kisicho na haya. Wema alikaa naye mpaka kikaisha chenyewe. Martini alitoa kopo la lami motoni, lisiendelee kumtia moshi machoni, ingawa moshi haukuwa umemfikia tena.

Kabla ya kuaga, Wema aliita, "Mkwe uliye nyuma ya ukuta."

"Naam, dada."

"Ulichosikia ni cha mama. Si cha kumpelekea mtu, hata mke wako. Atakisema mwenyewe akitaka."

"Sikuwepo," Martini akajibu, na huo ulikuwa ukweli wa kwao.

Mama na Wema walizungumza tena siku ya Jumatatu, na safari hii Martini alikwenda kukaa ziwani, kwa hiari yake. Hakujua walichosema. Nyumbani Devota aliona mama yake ameanza kula ugali wake ukaisha, akanyamaza, maana hakutaka kutumaini. Hakumnyooshea mtoto tena. Alikuwa amechoka kunyooshea mikono iliyofichwa.

Jumatano zilibaki siku tatu. Devota alikwenda Kibirizi kununua dagaa wa kuuza, akasema atachelewa kidogo. Tele akaamka na kilio chake kile cha kutia aibu majirani. Martini alimtembeza uwanjani, akamrusharusha, akamwonyesha randa, akamwonyesha msumeno. Mtoto hakuvutiwa na ufundi. Sauti ikaanza kukauka kooni.

"Mlete," Rahabu akasema kutoka upande wa pili.

Martini alidhani hakusikia vizuri. Akasimama.

"Mlete, mwanangu."

Alitandika kanga kwenye kizingiti, akamlaza mwanawe juu yake kama alivyokuwa akiiacha chumvi. Akarudi nyuma hatua tatu, akageuka, akakohoa. Alisikia nyayo zinakuja, zinasimama. Kilio kiliendelea pale chini kwa muda ambao yeye aliuona mrefu kuliko mwaka. Kisha kikapanda juu, kutoka sakafuni mpaka kifuani mwa mtu, na kikaanza kupungua. Wimbo wa Kirundi, wa chini sana, ukafuata. Halafu hakukusikika kitu.

Hicho kimya ndicho kilichomwogopesha Martini. Alitaka kugeuka. Alishika benchi lake la kazi kwa mikono miwili, asigeuke. Alijua na yule mama aliye nyuma yake anakisikia kimya hichohicho, na anakisikia kwa masikio ya Kagunga.

Ndipo Devota alipoingia na beseni kichwani. Alimwona mama yake amesimama kizingitini na Tele kifuani. Beseni lilishuka lenyewe, dagaa wakamwagika, hakuwatazama. Alimsogelea kwa woga, akanyoosha mikono.

Martini aligeuka. Hakuweza kujizuia. Aligeuza mwili, ila macho hayakupanda kupita mikono ya mama mkwe wake, mikono myeusi, iliyokakamaa kwa majembe, chini ya mtoto aliyelala fofofo. Aliona mkono mmoja ukijichomoa taratibu. Ukatafuta unyayo wa mtoto ndani ya kanga. Kidole kikaupiga unyayo, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu kwa nguvu zaidi.

Tele akashtuka, akafumbua kinywa, akapiga ukelele wa hasira kuliko wote aliowahi kupiga.

"Mama, unamwamshia nini?" Devota akasema. "Si alikuwa amelala?"

"Sasa mpokee," Rahabu akasema. "Analia."

Akamkabidhi mtoto mikononi.